Barua Niliyoinyoosha

Juu ya kila kitu alichonitumia, bosi wangu aliandika maneno mawili: inyooshe tafadhali. Hakuweka herufi kubwa mwanzoni wala nukta mwishoni. Nilipata maneno hayo mara tatu au nne kwa siku, kwa muda wa zaidi ya mwaka mmoja, na sidhani kama kuna mtu mwingine Toronto aliyewahi kuniandikia mara nyingi kiasi hicho.

Ofisi yetu ilikuwa North York, ghorofa ya pili, juu ya duka la vitanda. Kampuni ilihudumia maboila ya kuchemshia maji na mabomba ya joto katika majengo marefu ya kupanga. Mafundi waliondoka asubuhi na magari yao, wakarudi alasiri na ripoti zenye madoa ya grisi, na mimi nilizipanga kwenye mafaili. Hiyo ndiyo kazi niliyoajiriwa kuifanya, kwa mkataba, mwanzoni mwa miaka ya 2010, miezi michache baada ya kumaliza chuo. Nilikuwa na shahada, kibali cha kufanya kazi kwa miaka mitatu, na chumba cha chini katika nyumba ya watu, dirisha lake likiwa usawa wa nyasi. Kilichoninyima raha ni kile kibali. Kabla hakijaisha nilitakiwa niwe na kazi ya ofisini inayotambulika, ndipo niombe ukaazi. Nikikosa, narudi nyumbani na shahada yangu kwenye begi.

Mimi ni mtu wa kulifikiria jambo mpaka linachakaa. Mtu akinisalimia kwenye lifti, nitajiuliza kutwa nzima kama nilijibu kwa sauti inayosikika. Kwa hiyo barua ya kwanza ya bosi iliponifikia, sikuona kosa lake. Niliona langu.

Ilikuwa tangazo la kuzima maji ya moto katika jengo moja la ghorofa kumi na mbili. Lilikuwa sentensi moja ya mistari kumi na minne. Lilianza na pampu, likahamia kwa mlinzi wa jengo, likarudi kwenye pampu, na mahali fulani katikati palikuwa na siku ya Jumanne, lakini sikuweza kujua kama Jumanne ndiyo maji yangezimwa au ndiyo yangerudi. Nililisoma wakati wa chakula cha mchana. Nikaenda nalo chooni nikalisoma tena huko, nikiwa nimeegemea mlango. Nilijiambia kwamba hiki ndicho Kiingereza chenyewe, cha watu waliozaliwa nacho, na kile nilichofundishwa Morogoro kilikuwa cha kufanyia mtihani tu.

Mwishowe nikagonga mlango wake. Nilimuuliza, kwa maneno niliyoyapanga tangu saa nne, kama angeweza kunifafanulia kidogo. Aliichukua ile karatasi, akaisoma huku midomo ikicheza.

"Sijui," akasema. "Hapa nilikuwa nataka kusema nini?"

Hakuwa anatania. Alikuwa ananiuliza mimi.

Alikuwa mhandisi mwenye miaka thelathini na mmoja kazini. Alizaliwa katika mji mdogo kaskazini mwa Ontario na hakujua lugha nyingine maishani mwake. Aliweza kushika bomba kwa kiganja akakwambia hitilafu iko ghorofa ya ngapi. Akisimulia jambo, mafundi waliacha kahawa zao zipoe. Ila ukimpa kompyuta, alikaa mbele yake kama mtu aliyeitwa polisi, akibonyeza kwa vidole viwili, na kilichotoka hakikufanana naye.

Wala hakuwa peke yake. Kulikuwa na wakili wa bodi ya jengo moja aliyewahi kututumia ukurasa mmoja na nusu, tukakusanyika wanne kuupigia kura kama amekubali au amekataa. Ilikuwa sare. Kulikuwa na meneja wa majengo, mwenye shahada mbili ukutani, ambaye barua zake zilikuwa na maneno makubwa yaliyopangwa kama viti vya harusi, na huoni bibi harusi yuko wapi. Hata chuoni ilikuwa hivyo hivyo, basi tu sikutaka kuamini. Tulipopewa kazi za makundi, wenzangu waliokulia hapa hapa waliniletea sehemu zao siku ya mwisho, na mimi nilizifumua na kuzishona upya, nikidhani wanaandika ovyo kwa sababu wana mambo ya maana zaidi ya kufanya. Ilinichukua muda mrefu kuelewa kwamba hawakuwa na namna nyingine. Hakuna aliyewahi kuwaketisha chini akawadai nakala safi.

Mimi nilidaiwa. Baba alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, na aliandika barua nyingi kwenda wilayani: madawati, choo kilichobomoka, mwalimu aliyeondoka na mwingine asiletwe. Rasimu ya kwanza aliiandika kwenye daftari, akiwa na hasira, na iliweza kufika kurasa tatu. Ya pili ilikuwa kurasa mbili. Kisha akaniita nikae mezani naye, niandike nakala safi, ukurasa mmoja, na humo hasira ilikuwa imekwisha, na choo kilikuwa "miundombinu", na yeye mwenyewe hayumo kabisa. Alisema barua ya ofisini isionyeshe kwamba mwandishi ana tumbo. Nilikuwa na miaka tisa. Nilidhani hiyo ndiyo adabu, na mpaka leo sehemu yangu moja bado inadhani hivyo.

Nikainyoosha ile ya pampu. Mistari mitano: maji yatazimwa lini, yatarudi lini, na namba ya kupiga. Bosi aliisoma, akaniangalia, akasema ndiyo hasa alichokuwa anamaanisha. Kuanzia hapo kila kitu kilipita kwangu. Wahandisi wengine wawili wakasikia, nao wakaanza. Fundi mmoja alipofariki kwa maradhi ya moyo, nilimwandikia bosi barua ya rambirambi kwa mjane wake. Nilikaa nayo siku mbili. Mjane alijibu kwamba aliwasomea watoto wake barua ile mara mbili. Bosi aliniwekea jibu lake mezani, nikalisoma, kisha baadaye akarudi kulichukua, maana lilikuwa limeandikwa kwake.

Nilijua jinsi kila mmoja pale ofisini alivyofikiri, sentensi kwa sentensi. Nilijua nani hukimbia jambo lenyewe na nani hulirukia kabla ya wakati. Lakini sikujua hata mmoja wao anakaa wapi. Walikuwa watu wema. Walinishikia mlango. Mchana walikula mbele ya kompyuta zao au ndani ya magari, na mimi nilikula wali wangu wa jana jikoni, peke yangu, nikisikiliza jokofu. Zilikuwepo siku za Jumamosi ambapo sauti yangu ilitoka mara moja tu, kumshukuru mwenye duka.

Halafu kampuni ikauzwa. Wanunuzi walikuwa na ofisi yao mji mwingine na walihitaji mafundi tu. Bosi angebaki miezi michache kukabidhi kazi. Mimi mkataba wangu haungeendelezwa. Kibali changu kilikuwa kimebakiza mwaka na kidogo.

Niliona nafasi katika idara ya majengo ya chuo kimoja: mratibu wa matengenezo, kazi ya kudumu, ya aina ile ile iliyotakiwa na watu wa uhamiaji. Walitaka barua kutoka kwa msimamizi wa kazi. Nilimwomba bosi, na nikamwambia kwa haraka, ili asipate tabu, kwamba kama angependa ningeweza kumwandalia ya kusaini.

Alitikisa kichwa. "Hii naandika mwenyewe," alisema.

Aliandika kwa siku tatu. Nilimwona kupitia kioo cha ofisi yake, vidole viwili, akifuta, akitazama dari. Niliinama kwenye mafaili yangu nikiona aibu, kama mtu anayesikia majirani wakimzungumzia. Siku ya tatu, alasiri, barua pepe ikaingia. Juu yake kulikuwa na maneno yale yale mawili. Nadhani mkono wake uliyaandika bila yeye kujua.

Ilikuwa kurasa mbili, na aya moja tu. Alianza katikati ya Jumapili moja ya Januari ambayo nilikuwa nimejitahidi kuisahau. Boila la jengo la wazee lilikuwa limekufa, na mimi nilikuja kwa mabasi mawili kwenye theluji na orodha ya wapangaji, kwa sababu nilijua ni nani kati yao hawasomi Kiingereza na nilikuwa na wasiwasi kwamba hawataelewa tangazo. Nilikaa kwenye ukumbi wa chini na koti langu nikiwapigia simu mmoja mmoja, na wale wasionielewa nikapanda kuwagongea. Nilidhani hakuna aliyeona. Yeye aliona. Alikuwa chini kwenye chumba cha mashine tangu alfajiri, na kila alipopanda kuvuta hewa aliniona nimeshika simu. Aliandika kwamba nilikuwa natetemeka na kwamba hakuna aliyeniita.

Kisha, bila nukta, akaingia mahali ambapo sikutegemea. Aliandika kwamba kwa miaka thelathini na mmoja watu wote walijua hawezi kuandika, na hakuna aliyemwambia, walimcheka tu pembeni, na mkewe ndiye aliyekuwa akimwandikia mpaka alipofariki. Aliandika kwamba huyu binti alimsahihisha kila siku na hakumfanya ajione mjinga hata siku moja. Mwisho kabisa: msipomchukua basi nyinyi ni wapumbavu na mimi siwezi kuwasaidia.

Niliisoma mara nyingi sana. Sikujua kwamba alikuwa na mke aliyefariki. Nilitamani niende nikagonge mlango wake, na nilisimama, nikafika nusu ya njia, kwenye mashine ya kunakili, nikasimama pale kana kwamba nasubiri karatasi. Ningemwambia nini? Nikarudi nikakaa. Nikafanya nilichojua kufanya.

Niliondoa wapumbavu kwanza, hilo halikuhitaji kufikiria. Kisha nikaondoa mke, kwa heshima. Kisha nikaondoa kile alichosema kuhusu kutoweza kuandika, kwa sababu niliwaza watu wasiomjua wakisoma hilo kuhusu mhandisi mzima, na nikaona namvua nguo hadharani. Jumapili ya Januari ilibaki kwa muda, lakini kila nilipoisoma niliona inanisifu mno, na barua inapita kwangu, na wangeweza kusema niliiandika mwenyewe. Nikaifupisha ikawa "hujitolea hata nje ya saa za kazi". Ilipoisha ilikuwa aya nne, nusu ukurasa. Mwaminifu, makini, huwahi kazini, hushirikiana vyema na wenzake. Baba angeipenda.

Bosi aliisaini bila kuisoma. Aliniamini.

Kwenye usaili walikuwa watatu. Mwanamke wa katikati ndiye aliyekuwa na barua, na aliishika kwa ncha za vidole huku akiipitia tena.

"Huyu msimamizi wako," aliniuliza, "mlikuwa mnaonana?"

Nilisema tulionana kila siku. Aliuliza kama nina la kuongeza, kwa sababu barua ni nzuri lakini haimwambii mengi. Hapo Jumapili yote ilikuja kooni, simu, koti, wazee, nami nikasema kwamba ninashirikiana vyema na wenzangu.

Jibu lao lilikuja baada ya siku kumi. Lilikuwa limeandikwa na ofisi ya ajira, na lilikuwa baya kiasi kwamba nililisoma mara tatu bila kujua kama nimepata. Lilisifu, likashukuru, likataja idadi ya waombaji na dhamira ya chuo, na ile habari yenyewe ilikuwa imefichwa kwenye aya ya nne ndani ya sentensi iliyokuwa ikizungumzia kuhifadhi taarifa zangu. Nilikuwa nimekosa. Jambo la kwanza nililofanya, naona aibu kulisema, ni kuliandika upya kichwani mwangu likawa mistari miwili.

Jumapili hiyo nilikwenda Mississauga kwa mama mdogo. Nilikuwa nikienda mara moja kwa mwezi, baada ya ibada, kwa treni na kisha basi. Yeye alikuwa akihudumia wazee katika nyumba ya kutunzia, na ndiye mtu pekee katika nchi ile aliyenijua tangu nikiwa mtoto wa kubebwa. Alipika ndizi na nyama. Binti yake wa miaka kumi na minne alikaa mezani na simu yake, akielewa kila tulichosema na kujibu kwa Kiingereza.

Mama mdogo alitaka kuona barua ya bosi iliyonikosesha kazi. Nikamwonyesha. Kisha, sijui kwa nini, nikamwonyesha na ile ya kwanza, ambayo nilikuwa nimeichapisha nikawa natembea nayo kwenye mkoba. Alivaa miwani, akasoma ile ndefu polepole, akiweka kidole chini ya mstari. Alisoma mpaka mwisho, akarudi katikati.

"Huyu mzee kafiwa na mkewe," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Na hii fupi umeiandika wewe."

Nikasema niliinyoosha tu, kwa sababu ilikuwa haisomeki.

"Mbona mimi nimeisoma?" Alivua miwani. "Mwanangu, mtu mzima kakaa siku tatu anakutafutia maneno. Kajianika mpaka aibu za ndani kwake. Wewe umemziba mdomo."

Binti yake alinyoosha mkono, akazivuta zote mbili, akazitupia macho, akasema kwa Kiingereza kwamba ile fupi inafanana na ya roboti, akarudi kwenye simu yake. Mama mdogo alimwambia amheshimu dada yake. Kisha akaniongezea nyama.

Nafasi ya pili ilikuwa upande wa Scarborough, katika taasisi iliyosimamia nyumba za wazee. Nilijaza fomu zote. Ilipofika mahali pa kuambatisha barua, nilifungua ile ya aya moja. Niliweka nukta mahali pamoja, nikaiondoa. Nikaweka tena. Nikasimama, nikaosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Nilihisi kana kwamba nampeleka mtu kwa wageni akiwa na kandambili. Kisha nikaondoa maneno mawili ya juu, inyooshe tafadhali, basi, nikaituma kama ilivyo, na wapumbavu wake.

Waliniita baada ya siku nne. Mwanamume aliyenipigia aliniuliza kama huyo bosi wangu yuko hivyo kweli. Nikasema yuko hivyo. Alicheka, lakini si kwa ubaya, kisha akaniuliza kuhusu ile Jumapili, na safari hii, kwa kuwa alikwisha kuisoma na hakukuwa na cha kuficha, nikamsimulia. Nilipata ile kazi.

Siku yangu ya mwisho juu ya duka la vitanda, bosi alikuja mezani kwangu na kikombe chake. Mafaili yalikuwa kwenye maboksi. Aliniuliza kama ni ile barua iliyonisaidia. Nikasema ndiyo.

"Nilijua," alisema. "Uliinyoosha vizuri, binti."

Nilikuwa na sentensi nzima tayari. Nilikuwa nimeiandaa tangu siku nne nyuma, na ilikuwa na mwanzo, kati na mwisho. Nilifungua mdomo nikasema asante, na yeye akagonga meza mara mbili kwa vifundo vya vidole, kama alivyogonga bomba lililo sawa, akaondoka.

Kule Scarborough hakuna aliyeniletea barua zake. Kila mtu alituma za kwake, zenye mistari kumi na minne, nami nilizisoma na kunyamaza. Lakini bosi aliendelea. Wiki ya pili likaingia tangazo la kuzima joto, na juu yake maneno mawili. Sijui kama alikuwa amesahau kwamba nimeondoka au hakuwa na mtu mwingine. Nililinyoosha wakati wa chakula cha mchana nikamrudishia. Likaja lingine, na lingine. Hakuniuliza hali, nami sikumuuliza. Nilikuwa nafungua barua pepe asubuhi nikiangalia kwanza kama yapo yale maneno.

Mwishoni mwa majira ya baridi ilikuja ya kuaga. Alikuwa anastaafu, na alikuwa amewaandikia mafundi wote. Ilikuwa aya moja. Mkewe alikuwemo, na yule fundi aliyefariki, na boila moja alilolitaja kama mtu anavyomtaja rafiki mkorofi. Juu yake: inyooshe tafadhali.

Sikugusa kitu. Nilimjibu kwamba aitume ilivyo. Kisha nikaandika kile ambacho sikukisema siku ile: kwamba barua niliyoinyoosha ilinikosesha kazi, na iliyonipatia kazi ni ile ya kwake, bila kubadilishwa neno. Niliandika moja kwa moja, bila rasimu, na nilipoisoma tena niliona nimerudia jambo moja mara mbili na mwisho haukukaa sawa. Nikaituma hivyo hivyo.

Hakujibu. Nilingoja wiki hiyo, na iliyofuata, nikijiuliza kama nimemwaibisha, kama anwani ile ilifungwa siku alipokabidhi funguo, kama aliisoma midomo ikicheza. Sijui mpaka leo kama aliwatumia mafundi barua yake ilivyokuwa, au kama alimpata mtu mwingine wa kumnyooshea.